Diski ya Nyaya

Jumanne asubuhi, dada mmoja, fundi mpya wa kompyuta, alikuta diski ya ziada kwenye seva ya ofisi ya ramani. Si diski ya kushika mkononi. Lilikuwa faili moja kubwa lililobeba nakala nzima ya diski ya zamani. Ukilipachika, seva hulisoma kama diski halisi iliyochomekwa. Lakini yeye hakuwa amelipachika, na ufunguo wa chumba cha seva alikuwa nao yeye na meneja tu.

Akalipachua, akaenda kunywa chai. Aliporudi lilikuwa limepachikwa tena, na chumba kilichozoea baridi ya kiyoyozi kilinuka jasho la mtu.

"Mama, kuna mtu ameingia humu?" alimuuliza mama wa usafi, aliyekuwa akipiga deki nje. "Kuna diski imefunguka yenyewe. Imeandikwa Nyaya."

Mama aliacha kudeki.

"Sema polepole, mwanangu. Nyaya ndiye aliyekuwa fundi kabla yako. Mifuko yake ilijaa nyaya kila siku, ndiyo tukamwita hivyo. Meneja alimtaka asogeze mipaka ya viwanja vya watu kwenye ramani, akakataa. Akaweka nakala ya ramani za kweli."

"Halafu?"

"Mchana mmoja gesi ya kuzima moto, ile inayomaliza hewa chumbani, ikafunguliwa naye yumo ndani. Meneja alisema kitasa kilikwama. Mimi ndiye niliyefuta damu ya kucha zake mlangoni."

Fundi alirudi kwenye seva. Akafungua ile diski. Ramani zote zilikuwamo, na chini yake barua fupi yenye tarehe ya Jumanne hiyohiyo: *Dada, usinifute.*

"Lifute hilo."

Meneja alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuna aliyemsikia akiingia.

"Halifutiki, bosi. Hata kulipachua sasa linakataa. Seva inasema kuna mtu analitumia."

"Nani?"

Fundi alimwonyesha jina kwenye kioo cha kompyuta. Meneja alilisoma, akamsukuma pembeni, akaketi mwenyewe.

Hapo kitu kama kiganja chenye joto kilimshika fundi kifundo cha mkono, kikamvuta bila kumuumiza, hatua kwa hatua, mpaka koridoni, na mlango ukajifunga taratibu nyuma yake, na kutoka ndani akasikia kucha zikikwaruza chuma, kwanza za mtu mmoja, kisha za watu wawili, na sauti ya meneja ikimwomba marehemu kwa jina lake, ikiomba na kuomba, mpaka ikakatika na kubaki mlio wa vitufe vya kompyuta vikibonyezwa haraka kuliko mwanadamu anavyoweza.

Ufunguo ulikuwa mkononi mwa fundi. Alimtazama mama wa usafi.

"Usiwe na haraka, mwanangu," mama alisema, akarudi kudeki.

Fundi alisimama. Baadaye hakuweza kusema alisimama kwa muda gani. Alipofungua, meneja alikuwa hai, ameketi wima, macho yamemtoka, vidole vimechanika. Alikuwa ameandika kila kitu: viwanja gani, kwa ajili ya nani, na jinsi alivyogeuza ufunguo kwa nje kisha akabonyeza kitufe cha gesi. Ungamo hilo lilikuwa limeshafika polisi kwa barua pepe, na kwa kila mfanyakazi wa ofisi ile.

Watu walirudishiwa mipaka yao. Faili lile fundi alilipachua jioni hiyo, likakubali mara moja, kana kwamba aliyekuwa akilitumia amekwisha kuondoka.

Meneja yuko hospitali, chini ya ulinzi. Hasemi. Vidole vyake tu havitulii. Vinagonga shuka mchana na usiku. Wiki iliyopita mkewe, kwa huruma, alimwekea kalamu mkononi na karatasi mapajani, akamwambia, "Baba watoto, andika unachotaka."

Mwandiko haukuwa wa mumewe.

*Shemeji, nenda nyumbani. Bado sijamaliza naye.*