Bitiruti za Manjano

Tangu mama azikwe, baba alikuwa akirudi kutoka kazini, ananawa saruji mikononi, anakaa mezani na kuisogeza sahani pembeni. Mwashi aliyezoea kupanda jukwaa na ndoo mbili za zege sasa alipumzika kila baada ya hatua chache. Suruali ilimning'inia kama ya kuazima. Binti yake, fundi cherehani, alikuwa amekwisha kuipunguza kiuno, na sasa aliogopa kuipunguza tena.

Nyuma ya jiko kulikuwa na tuta la bitiruti za manjano. Mama alizipanda akiwa bado na nguvu. Binti alizing'oa, akazisuuza harakaharaka, akazikatakata na maganda yake, akazichemsha mpaka zikapauka. Majani aliwatupia kuku.

Baba alionja kipande kimoja, akaweka kijiko chini.

"Inanuka udongo, mwanangu. Udongo nimeushika wa kutosha."

Binti alitoka, akajificha nyuma ya banda la kuku akalia. Huko ndiko Bi Mwiko alikomkuta. Huyu alikuwa jirani yao. Alipikia shule ya bweni mpaka akastaafu, ila ulimi wake haukustaafu. Aliwatazama kuku wakidonoa majani, akasema hao wanakula vizuri kuliko mwenye nyumba.

Binti alijitetea. Alikuwa amesikia bitiruti huongeza damu, lakini hizi si nyekundu. Labda ndiyo maana hazifai.

"Damu haitengenezwi na rangi," alisema Bi Mwiko. "Nyekundu na ya manjano, zote zina foleti, vitamini ambayo mwili huitumia kutengeneza damu. Zina nyuzinyuzi za kusaidia choo. Hii ya manjano ladha yake si kali sana. Lakini si dawa, mwanangu. Ni chakula, na chakula hupikwa."

Wakang'oa nyingine. Walizisugua kwa brashi, kwa kuwa ile harufu ya udongo hukaa zaidi kwenye ganda. Hawakuzimenya wala kuzikata mkia, na juu waliacha kishina kifupi, ili utamu usiishie majini. Wakazichemsha nzima, na zilipoiva, ganda lilivuliwa kwa vidole kama soksi. Bi Mwiko alikata vipande, akavikamulia limau la kufukuza harufu iliyobaki, akachanganya na kitunguu. Majani machanga waliyakaanga kidogo kwa mafuta na nyanya. Hayo, alieleza, ni mboga kama mchicha, na yana vitamini A nyingi kuliko bitiruti yenyewe.

Jioni baba alikaa mezani. Hakuna aliyembembeleza. Alikula kipande, akala kingine. Akagusa majani. Alipofika katikati ya sahani akasema, bila kuinua uso:

"Mama yako angezidisha chumvi."

Hakuwa amemtaja tangu mazishi. Binti akamsogezea chumvi. Baba akanyunyiza, akaendelea kula huku machozi yakimtiririka, mpaka sahani ikabaki tupu.