Rimoti ya Niyo

Jioni ile nilikuwa nimetumwa migebuka tu.

Migebuka minne na nyanya, basi. Ilikuwa siku ya tisa tangu tumzike mwanangu. Waombolezaji walishaondoka, mama mkwe alisharudi kwao Munanila, nyumbani tumebaki wawili. Mke wangu Deborah alikuwa hajala siku tatu. Mchana ule akasema, "Leo labda samaki atapita." Nikatoka mbio mpaka soko la Kasulu. Mimi nikikimbia, pikipiki zinanipisha.

Narudi saa kumi na mbili. Jua linashuka upande wa Burundi, moshi wa majiko umelala juu ya migomba. Naingia uani...

Gong.

Nikasimama.

Gong... kimya... gong, gong... kimya.

Ilikuwa inatoka kwenye banda langu la kazi. Banda nilifunga mwenyewe kwa kufuli, na ufunguo uko shingoni kwangu. Nikasogea. Nikasikia harufu ya waya zilizopata moto. Na chini ya harufu ile, nyingine. Udongo mbichi. Ule wa shimo refu.

Nikaweka sikio kwenye mbao.

"Nimefika," ikasema sauti ndani.

Sauti ya mwanangu.

Migebuka yote ilianguka chini.

Subiri kwanza. Lazima ujue anayekusimulia ni nani.

Mimi ni Nduwayezu, fundi wa kuchomelea. Kuanzia Kibondo mpaka Manyovu, uliza Fundi Tani Mia, utaletwa mpaka mlangoni. Jina hilo nilipewa kwa sababu nilichomelea lori la tani mia huku linatembea, dereva mwenyewe hakujua. Shule mimi sijui ndani inafananaje, nilikuwa naipita nikienda kuchunga mbuzi. Lakini chuma kinanisikiliza. Chuma kinanisikiliza kuliko mke.

Watu wanasema Nduwayezu anatia chumvi. Kweli natia. Lile lori lilikuwa trekta, na lilikuwa limesimama. Lakini hii ya leo sijatia hata punje. Ningekuwa na uwezo ningetoa hata ile iliyomo.

Mwanangu aliitwa Niyonkuru. Sisi tulimwita Niyo. Miaka tisa, mtoto wetu wa pekee. Alizaliwa na tundu kwenye moyo. Kutoka mlangoni mpaka jikoni lazima akae chini apumue, midomo inakuwa kama amekula zambarau. Madaktari walisema asubiri zamu ya kupasuliwa. Tukasubiri.

Siku moja nilimbeba mgongoni nikampeleka kibanda cha video. Kulikuwa na picha ya watu wa angani, na DJ anatafsiri kwa makelele. Humo kuna roboti limembeba mtoto wa mfalme, linamtoa kwenye moto. Niyo hakupepesa macho. Wakati wa kurudi akaninong'oneza sikioni.

"Baba. Nitengenezee lile."

"Lile? Lile dogo! Nitakutengenezea linalogusa mawingu."

"Sasa litapitaje mlangoni?"

Nikapima mlango wa jirani kwa jicho.

"Basi la saizi ya mlango."

"Na liitwe Kaka," akasema. "Maana sina."

Miezi saba. Mchana nachomelea mageti ya watu, jioni nachomelea Kaka. Nilienda mpaka Kibondo kwenye vyuma chakavu kutafuta mota mbili za waipa. Kiwiliwili pipa la mafuta. Kichwa sufuria ya mke wangu, alinuna wiki nzima. Macho taa nyekundu za pikipiki, na nguvu anapata kwa betri ya pikipiki hiyo hiyo. Chini ya miguu magurudumu ya toroli. Watu huwa nawaambia Kaka ana mita tatu. Alikuwa ananifika kifuani.

Kule Manyovu nikanunua kigari cha kitoto cha rimoti. Nikakipasua, kile kibao cha ndani nikakipandikiza kifuani mwa Kaka. Tumboni nikamwekea swichi na spika: akigusa kitu, anasema neno. Neno alilisema Niyo mwenyewe kwenye simu yangu, pumzi ikiwa fupi: "Nimefika."

Rimoti nikampa yeye.

Basi kila siku saa kumi na mbili, nikishazima mashine, Niyo anakaa kwenye mkeka uani. Kaka anatoka bandani na kikombe cha uji kwenye mkono wa bati. Niyo anabonyeza. Anapumzika. Anabonyeza mara mbili. Anapumzika. Hata kidole kilikuwa kinamchosha. Kaka naye anakwenda hivyo hivyo, hatua, kimya, hatua mbili, kimya, mpaka agonge goti la mtoto.

"Nimefika."

Na Niyo anacheka mpaka nasema mama yake aje amshike.

Alikufa Jumanne, usingizini. Rimoti ilikuwa mkononi. Nilifungua vidole kimoja kimoja.

Sasa sikia kosa langu.

Huku kwetu marehemu ukimpa kitu chake aende nacho, hakiendi kizima. Kikombe kinatobolewa. Kikapu kinakatwa mpini. Kizima ni cha walio hai. Mama mkwe, bibi Mpawenimana, aliniita kando kabla sanduku halijafungwa.

"Mkwe wangu, anaenda na hicho kidude?"

"Ni chake, mama."

"Ego, ndiyo, ni chake. Basi kivunje. Ukimpa kizima umempa kazi. Atakaa macho anaifanya."

Nikaenda nacho nyuma ya jiko. Nikachukua nyundo. Mimi niliyevunja injini za malori kwa mkono huu! Nyundo ikakataa kushuka. Kitufe cha mbele kilikuwa kimelika rangi, mahali pa kidole chake.

Nikarudi.

"Tayari, mama. Nimekipasua moyo."

Nimedanganya watu wengi, kwenye harusi, kwenye pombe, hata kanisani. Ule uongo mmoja ndio ulioingia ardhini.

Hata betri sikutoa.

Sasa turudi bandani. Nikafungua kufuli. Kaka amewasha macho. Amegeukia ukuta wa nyuma, anaugonga. Hatua, kimya. Hatua mbili, kimya. Nyuma ya ukuta ule ni migomba, na nyuma ya migomba ndipo tulipomzika Niyo.

Ule mwendo niliujua.

Ule ulikuwa mwendo wa mtu anayetafuta pumzi.

"Niyo?" nikanong'ona.

Kaka akanyamaza. Halafu akageuka, kulia, taratibu, akanipita mlangoni kama hanioni. Akakata uwanja. Akaingia kwenye migomba, majani yanamkwaruza bati. Nikamfuata. Akafika kaburini, akagonga msalaba kwa tumbo.

"Nimefika."

Macho yakazima.

Nilikaa chini pale nikalia kama ng'ombe. Halafu... nitasema ukweli. Nikacheka. Mtoto wangu ananiita! Nani mwingine Kasulu hii amewahi kuitwa hivi?

Ikawa kila jioni. Nafungua mlango wa banda mapema, nakaa kwenye mkeka wa Niyo, nangoja. Deborah alikuwa anajifungia ndani na kanga mdomoni.

"Baba Niyo, toa ile betri ya pikipiki kwenye hilo lichuma lako."

"Ni mtoto anacheza, Mama Niyo."

"Hachezi!" Ndiyo mara ya kwanza kunipigia kelele tangu nimuoe. "Husikii anavyopumzika? Alipumzika miaka tisa, na huko nako bado anahema? Mwanangu, mwana wanje, hajalala!"

Nilisikia. Lakini ukishampoteza mtu, halafu akaja kila siku saa kumi na mbili, wewe utafunga mlango? Nilimwambia Deborah nitatoa betri kesho. Nilisema kesho nyingi.

Nikamuuliza Saidi mwenye duka, mtu wa swala tano, haropoki. Nikasema ni habari ya rafiki yangu.

"Fundi, rimoti za vigari hivi zinaingiliana," akasema. "Mtu yeyote mtaani akiwa na kigari kama hicho, akibonyeza, na chako kinatembea."

Nikazunguka nyumba mia nne. Sawa, nyumba kumi na moja. Hakuna mwenye kigari. Nikarudi kwa Saidi.

"Na betri ndogo za rimoti zinakaa muda gani?"

"Zikitumika kila siku? Mwezi. Mwezi na siku chache." Akanitazama. "Rafiki yako anaitwa nani?"

Nilikuwa nahesabu siku tangu maziko.

Siku ya ishirini na nane Kaka aliishia kwenye migomba. Siku ya thelathini aliishia katikati ya uwanja. Kuna jioni aliwasha macho tu, yakafifia. Nilikuwa nasema kwa sauti, "Bonyeza, mwanangu. Bonyeza kwa nguvu." Namwambia mtoto wa moyo mbovu abonyeze kwa nguvu!

Siku ya thelathini na nne, kimya.

Na ya kufuata, kimya.

Hapo ndipo Niyo alipokufa kwangu. Ile Jumanne ilikuwa salamu tu.

Mama mkwe alikuja kumaliza matanga. Nikampigia magoti, nikamweleza uongo wangu wote. Akaninyanyua kwa mkono.

"Imekwisha yenyewe," akasema. "Shukuru. Sasa amelala. Mkwe wangu, usimwamshe."

"Sitamwamsha, mama."

"Na wewe, Deborah?"

Deborah alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Mimi nikaona ni majonzi.

Wiki moja baada ya bibi kuondoka, natoka kazini jioni nikatazama saa ya ukutani, inasema saa nane. Nikaigusa. Nyepesi. Nikaigeuza.

Haina betri.

"Mama Niyo, betri za saa ziko wapi?"

Alikuwa anaosha mikono kwenye beseni. Maji yalikuwa mekundu, wekundu wa udongo wetu. Anasugua kucha. Anasugua mahali palipokwisha takata.

"Deborah..."

"Siwezi kimya hiki," akanong'ona. "Nilidhani nataka alale. Siku hizi zote sijasikia kitu, Baba Niyo. Hata kitu kimoja. Siwezi."

"Umefukua kaburi?"

"Hapana! Mkono tu. Nilichimba urefu wa mkono, hapa, mpaka kwenye kwapa. Nikasema nimwekee tu, kama mtu anavyoweka chakula." Akanionyesha kiganja. "Nilishika betri hivi, kiganjani. Nikataka kuziachia."

"Halafu?"

"Zikachukuliwa."

Jiko lilikuwa linapiga cheche. Nikasikia kila cheche.

"Mkono wake?" nikauliza. "Deborah. Ulikuwa mdogo?"

Akakitazama kiganja chake.

Na nje, bandani, Kaka akawaka.

Nilisikia mota. Nikangoja ule mwendo, hatua, kimya, hatua mbili, kimya. Haukuja. Alikuja mfululizo. Hatua hatua hatua hatua, bila kusimama, bila kupumzika hata mara moja, kama anayebonyeza ana pumzi ya kutosha mpaka mwisho wa dunia. Na hakuelekea kwenye migomba. Sauti ilikata uwanja, ikawa inakua. Inakuja nyumbani.

"Amepona," Deborah akasema. Machozi yanamtiririka na anatabasamu. "Unasikia? Hahemi tena. Mwanangu amepona."

Gong. Kwenye mlango wetu.

"Nimefika."

Sauti ni ya Niyo. Ni lazima iwe ya Niyo, niliirekodi mwenyewe, Kaka hana nyingine.

Mimi, Fundi Tani Mia, nisiyeogopa simba wala polisi, nilisimama mkono kwenye komeo. Upande huu mke wangu ananong'ona, "Fungua, ni mtoto." Upande ule ile harufu ya udongo inapita chini ya mlango. Kama ni Niyo, nimemfungia mwanangu nje. Kama si Niyo, basi rimoti yake anayo nani? Na Niyo mwenyewe amemfanya nini huko chini?

Sikufungua. Hakugonga tena, lakini hakuondoka usiku kucha. Asubuhi tulimkuta mlangoni, kwenye mkono wa bati kile kikombe cha uji. Kimejaa udongo.

Watu wakiniuliza lile roboti liko wapi, nawaambia nimeliuza kwa mzungu mmoja, amelipakia kwenye ndege. Wanacheka, wanasema Nduwayezu na chumvi zake. Nami nacheka.

Deborah siku hizi anakula. Amenenepa kidogo. Saa kumi na mbili anakaa nyuma ya mlango, mgongo kwenye mbao, anamwimbia aliye nje. Nilitaka kumpasua Kaka kwa nyundo, akanishika miguu. "Ukimvunja, umemuua mara ya pili." Mimi nilishindwa kuvunja rimoti tu. Nitawezaje hilo?

Na hizi siku tatu mwendo wa Kaka umeanza kulegea, kama siku zile betri zilipokuwa zinakwisha.

Jioni hii nimetumwa dukani. Deborah hakusema nikanunue nini, alinifungulia mlango tu. Saidi ameniona kwa mbali, ameshashusha pakiti.

"Za saa tena, Fundi? Saa gani hiyo inakula betri hivyo?"

"Ndugu yangu," nikamwambia, "nyumbani kwangu kuna saa za ukutani kumi na nne."

Akacheka. Nikazitia betri mfukoni, nikarudi haraka, giza lisije likanikuta njiani.