Sauti ya Mama Agar

Kila Jumatano masomo yakiisha, Hadassa hufagia chumba cha kompyuta cha shule yao mjini Butembo. Malipo yake ni maswali. Madame Mélanie, mwalimu aliyetumwa kutoka Kindu, humjibu mpaka achoke, na huchoka mapema, maana maswali ya msichana huyo ni mengi kuliko vumbi la barabarani.

Jumatano moja waliletewa kompyuta kuukuu ya kanisa iliyojaa virusi. Madame alichomeka clé, kile kidude kidogo cha kubebea programu. Ndani yake mlikuwa na Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, ambao yeyote anaweza kuufungua na kuurekebisha.

"Nani aliutengeneza?" Hadassa aliuliza.

"Batu bengi, kila pembe ya dunia. Hata weye, siku moja."

Kabla hawajaendelea, mkurugenzi wa shule alimwita Madame ofisini. "Usiguse kitu, niko narudi," alisema akitoka.

Skrini ilikuwa ikiuliza: mfumo mpya ukae kando ya ule wa zamani, au diski yote ifutwe? Vidole vilimwasha Hadassa. Kwao Masereka, bibi yake hakupanda viazi kabla ya kung'oa kila gugu. Shamba ni shamba, akawaza, akabofya "futa yote".

Kazi ilipoanza, ndipo akaona karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa kompyuta: "Nyimbo za kwaya ya bamama. Hakuna nakala nyingine." Mama yake aliimba humo. Humo pia mlikuwa na sauti ya marehemu Mama Agar, aliyeanzisha kwaya ile.

Angeweza kusingizia virusi, nani angejua? Alisimama akilipima wazo hilo, likamtia aibu, akakimbia ofisini.

"Madame, ni miye nilifuta nyimbo za bamama."

Madame hakufoka. Alikimbia naye, akachomoa waya wa umeme. "Kufuta hapana kuchoma," alisema akiiwasha tena kompyuta kutoka kwenye clé. "Mashini inasahau tu fasi wimbo uliko. Unapotea kabisa kama kitu kingine kinaandikwa juu yake."

Kwenye clé mlikuwa na programu ya kufufua mafaili, nayo ya bure. Walitafuta alasiri hiyo na ya kesho yake. Katika nyimbo kumi na tano, kumi na tatu zilirudi. Mama yake Hadassa alipokuja kusikiliza, sauti nyembamba ya Mama Agar ikajaza chumba, naye akajifunika uso kwa kitenge. Hadassa alilia pia.

"Mbele ya kuja kuniita, ulisimama kwanza?" Madame aliuliza.

"Kidogo. Nilitaka kusema ni virusi."

"Donc sikia, mutoto wangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ulifanya kosa kugusa, lakini ulisema ukweli, na ukweli uliokoa hizi kumi na tatu. Zile mbili zilipotea wakati ulisimama kufikiria uongo."