Mgongo wa Bibi

Sema ni uongo. Sema mapema tumalizane, kisha utulie. Nimeshawasimulia watu wenye elimu zao, mmoja ana vyeti vya kujaza ukuta, na alipoondoka alisahau viatu. Mimi shule niliiacha kabla hatujazoeana, lakini nilicho nacho hakisomwi. Kinaguswa. Nikimaliza nitakugusisha.

Kuna kijana mmoja, jirani yangu wa karibu sana, tumwite Povu, maana ndivyo walivyomwita kazini. Alikuwa mwosha magari, na povu lilimjaa mikononi na mdomoni vilevile. Gari likitoka kwake, ungeweza kujitazama ubavuni mwake ukachokonoa meno. "Mimi nikiosha kitu," alijitapa, "hata aliyekitengeneza hakitambui."

Nyumbani waliishi watatu: yeye, mama yake, na bibi yake mzaa baba. Bibi alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ulilala, na sauti ikaenda nao. Mwanzoni mama yake Povu ndiye aliyemwogesha, mpaka siku moja akateguka kiuno akimnyanyua. Kazi ikamwangukia Povu: kumbeba hadi bafuni, kumkalisha kwenye kiti cha plastiki, kumwogesha, kumvalisha, kumrudisha kitandani.

"Ni mume wako huyo, Mama," mama yake alimtania mkwewe. "Usimwonee haya."

Mwenye haya alikuwa Povu. Mara ya kwanza alishusha gauni la Bibi hadi mabegani, akaona ile ngozi, akageukia ukuta. Akajiambia, kesho. Na kwa kuwa mama yake alikaa jikoni, upande wa pili wa ukuta, akisikiliza kopo, Povu akabuni ufundi wake. Alichota maji ya moto akayamwaga sakafuni, pwaa. Alisugua dodoki ukutani. Alipiga mluzi. Alimpaka Bibi povu la sabuni nyuma ya masikio ili anukie, akamlowesha nywele za mbele, basi. Bibi alikaa pale, mkavu, akimtazama.

"Umemsugua mgongo?" mama yake aliuliza kutoka jikoni.

"Unang'aa kama boneti!"

Ikawa hivyo majuma tisa. Kisha Bibi akafa.

Shangazi yake Povu alikuja na wanawake wengine kumwosha marehemu. Waliingia wakizungumza. Wakatoka wakifuta macho kwa kanga. Shangazi alisimama mlangoni, mikono bado imelowa, akamtazama mama yake Povu mbele ya watu wote.

"Wifi," alisema taratibu. "Mgongo ule. Mama yangu ulikuwa unamwogesha, au ulikuwa unamhifadhi?"

Mama yake Povu aligeuka. Akamtazama mwanawe. Povu akatazama kamba za viatu vyake kana kwamba zimeandikwa kitu.

Tangu siku ile ndugu wa mumewe hawakukanyaga tena pale, na mtaani mama yake alitembea ameinamisha kichwa. Sentensi moja tu ingemsafisha. Povu, mwenye maneno ya kuuza kwa jumla na rejareja, hiyo moja hakuipata.

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, aliingia kuoga. Akajimwagia kopo la kwanza. Maji yalifika begani, yakateleza, yakaenda zake. Bega kavu. La pili, kichwani. Nywele kavu. Akainua ndoo nzima akajimwagia. Sakafu ililowa. Yeye hakulowa.

Juma zima likapita hivyo. Siku moja mvua iliwakuta kazini. Wenzake wakakimbia wametota, yeye akabaki amesimama katikati ya uwanja, vumbi la jana bado shingoni.

"Povu, kaka, unanuka," mwenzake alimnong'oneza. Hakucheka.

Jumamosi ya pili alikuwa amejilaza chumbani. Akasikia kopo. Bafuni. Pwaa. Akasikia dodoki likisugua ukuta. Akasikia mluzi.

Ulikuwa mluzi wake mwenyewe.

"Umemsugua mgongo?" mama yake aliuliza kutoka jikoni, kwa mazoea tu.

Kisha kijiko kikaanguka huko jikoni. Hakikuokotwa.

Povu alisukuma mlango wa bafu. Hakukuwa na mtu. Ndoo imejaa, inafuka mvuke. Kiti cha plastiki kilikuwa katikati, kimempa mgongo. Alichota maji, akayamwaga juu ya kiti.

Maji hayakukifikia kiti.

Yalisimama hewani. Yakagawanyika. Yakateremka kufuata mkunjo wa shingo. Kisha mabega. Mawili. Moja limelala.

Alishika dodoki, akalipeleka pale penye hewa tupu. Likagota kwenye kitu laini. Kina joto.

Akasugua. Polepole. Chini ya dodoki alihisi shimo la kidonda. Kisha jingine. Kisha kubwa, karibu na kiuno. Safari hii hakugeukia ukuta. Alilia, na machozi yake yalikuwa maji ya kwanza kumlowesha kwa siku nane.

Alipomaliza, kiti kililia kama mtu ameinuka. Nyayo za maji zikatokea sakafuni, moja ya kawaida, moja ya kuburuta, mpaka mlangoni. Hapo zikakoma.

Hivyo ndivyo ninavyowasimulia watu, nao hushusha pumzi na kuniambia angalau mwishowe alimwogesha. Lakini kuna kipande huwa nakiruka.

Wote waliamini Bibi hana sauti. Alikuwa nayo, ndogo, na aliitumia mara moja tu. Jumamosi ile ya mwisho ya uhai wake, kopo likimwagwa sakafuni, alimshika Povu kidole kwa mkono wake mzima, akanong'ona:

"Mume wangu. Hata mgongo tu."

Utaniuliza nimejuaje, ilhali mle bafuni walikuwa wawili.

Nilimwambia, "Nyamaza, Mama atasikia."

Basi. Nimetoka kuoga sasa hivi, unaona nywele zinavyochuruzika. Lete mkono. Hapa nyuma, kati ya mabega, shuka nao mpaka kiunoni. Umehisi? Pakavu. Ndivyo palivyo mpaka leo.

Ila usipige kelele. Mama yuko jikoni, na bado anasikiliza.