Sahani Isiyo na Uma

Kila asubuhi Defne alivaa soksi mbilimbili, akashuka jikoni huku blanketi likiwa bado mabegani. Mama Bonaria alikuwa ameshachemsha maziwa. Alimwekea bakuli mezani na kipande cha mkate pembeni, kisha akarudi kusimama dirishani.

"Funga shingo," alisema bila kugeuka. "Upepo wa leo si mzuri."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya asubuhi, na mara nyingi ndiyo yalikuwa ya siku nzima.

Defne alikuwa na miaka kumi na mitano. Kwao ni Mersin, nchini Uturuki, mji wa joto ambako machungwa huanza kuiva wakati ambapo huku Sardinia miti ya milimani inapukutisha majani. Alikuja Italia kusoma mwaka mmoja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, akapewa nyumba ya Mama Bonaria na mumewe, Baba Gavino, mfuga kondoo. Kutoka kijiji cha wenyeji wake, basi la wanafunzi liliteremka kila siku hadi shuleni Nuoro.

Kabla ya kuja, alidhani Italia nzima inacheka na kuimba. Alichokuta ni nyumba iliyovaa nyeusi. Mama Bonaria alivaa nyeusi kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu, na juu ghorofani kulikuwa na mlango mmoja usiofunguliwa. Kilikuwa chumba cha Efisio, mtoto wao pekee. Alifariki Januari iliyopita, pikipiki yake ilipoteleza kwenye barafu katika kona ya chini ya kijiji.

Wenyeji wake hawakumtesa. Walimlisha, wakamfulia, wakamnunulia koti. Lakini hakuna aliyemuuliza siku yake ilikwendaje, na baridi ilivyozidi ndivyo alivyozidi kumkumbuka mama yake. Alilia ndani ya basi, uso kwenye kioo.

"Unalia tena?" alimtania Ilenia, jirani yake aliyesoma naye darasa moja. "Baridi yenyewe bado haijafika. Imetuma salamu tu."

Siku ya Watakatifu Wote, mwanzoni mwa Novemba, hakukuwa na shule. Ilenia alikuja na mfuko mtupu.

"Twende. Leo watoto wanabisha hodi kuomba vitu kwa ajili ya roho za marehemu. Tini kavu, karanga, makomamanga."

"Lakini sisi ni wakubwa!"

"Mimi mkubwa, wewe mgeni. Mgeni hupewa mara mbili. Unafikiri nimekuita kwa sura yako?"

Walizunguka vichochoro vyote wakicheka. Jioni mvua ilianza, na Ilenia akamwambia wakiagana, "Wahi nyumbani. Leo marehemu wanakula majumbani." Defne alidhani ni utani wake mwingine.

Alifika ameloa, meno yanagongana. Nyumba ilikuwa kimya, maana wenye nyumba walikuwa wamekwenda kanisani. Lakini jikoni moto ulikuwa unawaka, na mezani palitandikwa kitambaa cheupe ambacho hakuwahi kukiona. Juu yake palikuwa na sahani moja ya makaroni yenye mchuzi wa nyanya na jibini, mkate na bilauri ya maji.

Defne alisimama akitazama. Sahani moja. Mtu mmoja aliyekuwa anangojewa arudi ni yeye.

"Kumbe ananipenda," alijisemea.

Alivuta droo atafute uma. Hakukuwa na uma hata mmoja, wala kisu. Akaona ajabu, lakini njaa haikumpa nafasi ya kufikiri. Alichana mkate akachotea makaroni, kama walivyokula kwao. Yalikuwa yamepoa. Alikula yote, machozi yakimdondokea kidevuni, kisha akapanda kulala bila hata kuondoa sahani.

Aliamshwa na kilio. Alishuka mbiombio, akamkuta Mama Bonaria amepiga magoti jikoni, sahani ameikumbatia kifuani.

"Gavino, amekula! Mwanangu amekula! Amekuja!"

Baba Gavino alisimama mlangoni, kofia mkononi, maji ya mvua yakimtiririka. Hapo ndipo Defne alipokumbuka maneno ya Ilenia. Kumbe haukuwa utani. Usiku ule kila nyumba kijijini iliwaandalia marehemu wake chakula, na visu na uma vikafichwa ili roho zisije zikaumia. Kitambaa cheupe hakikuwa chake. Ilikuwa sahani ya Efisio.

"Defne," Baba Gavino alisema polepole, "supu yako bado imo sufuriani, haijaguswa. Wewe umekula nini?"

"Nilishiba tini, Baba Gavino."

"Na sahani hii?"

Defne alimtazama Mama Bonaria. Uso ule uliokuwa umefungwa tangu yeye afike Septemba ulikuwa umefunguka, unang'aa kama wa msichana. Nani angeweza kuuzima?

"Sikuigusa," alijibu.

Tangu siku hiyo Mama Bonaria alibadilika. Alifungua chumba cha Efisio na kukitoa vumbi. Alimchana Defne nywele karibu na moto, akamwita "binti yangu", akamuuliza shuleni wamesoma nini. Yote aliyoyalilia ndani ya basi sasa aliyapata, na kila alipoyapata yalimchoma.

Kisha Mama Bonaria akaanza kuandaa meza kila jioni. Sikukuu ilishapita, lakini alitandika kitambaa cheupe, akaweka sahani, akaacha mlango wa nje wazi.

"Asije akakuta pamefungwa," alisema.

Asubuhi makaroni yalikuwa pale pale, yamekauka. Siku zilisogea, milima ikavaa weupe kileleni, na baridi ya sakitu, umande ulioganda, ikaingia hadi jikoni. Mama Bonaria akaanza kukohoa, kikohozi kizito cha kifuani. Daktari wa kijiji alikuja akamsihi afunge mlango usiku.

"Daktari, wewe una watoto?" Mama Bonaria alimuuliza.

Daktari akafunga mkoba wake.

Jumapili moja Defne alimsaidia Baba Gavino kupanga kuni. "Kwa nini makaroni tu?" alimuuliza. "Kwa nini asimwekee kitu kingine?"

Baba Gavino aliweka gogo chini. "Siku aliyokufa, Efisio alisukuma sahani ya makaroni. Alisema, 'Mama, chumvi imezidi kama kawaida yako.' Mama yake alikuwa amechoka, akakasirika. Akamwambia, 'Basi nenda ukale kwa wanaojua kupika.' Kijana akachukua pikipiki." Alijifuta mikono muda mrefu ingawa haikuwa na uchafu. "Kwa hiyo ile sahani ilipokutwa tupu, yeye alielewa kwamba amesamehewa. Na sasa kwa kuwa haiguswi, anadhani amemkosea tena."

Kesho yake Defne alimweleza Ilenia kila kitu ndani ya basi.

"Mwizi wa makaroni wewe!" Ilenia aliguna. Alipoona mwenzake hacheki, akashusha sauti. "Basi kula tena. Wewe unashiba, mama wa watu anafurahi."

"Na Juni nikirudi kwetu, atakula nani?"

Ilenia alichora mstari kwenye ukungu wa kioo. "Hapo umenishinda," alisema.

Jioni hiyo Defne alipofika alikuta mlango wazi na moto umezimika. Mama Bonaria alikuwa ameketi mbele ya sahani, amevaa koti, midomo ya bluu kwa baridi, anazungumza na kiti kitupu.

"Ulishanisamehe, mwanangu. Nimekosa nini tena? Niambie tu, nitarekebisha."

Mkoba wa shule ulimponyoka Defne begani.

"Mama Bonaria, ni mimi."

"Najua ni wewe. Ingia, supu ipo."

"Siyo hivyo. Siku ile ni mimi niliyekula. Nilikuta meza nikadhani umeniandalia mimi. Halafu Baba Gavino aliponiuliza nikasema uongo. Efisio hakuja. Nisamehe. Nilikula mimi."

Baba Gavino alikuwa ameingia na kuni mikononi. Alibaki amesimama nazo.

"Rudia," alisema Mama Bonaria.

"Nilikula mimi."

Mama Bonaria aliinuka taratibu kama mwenye mzigo kichwani. Alimimina makaroni kwenye chombo cha mbwa, akakikunja kitambaa cheupe pembe kwa pembe, akapanda ngazi. Hawakumsikia akilia. Defne aliona heri angelia.

Alikwenda chumbani akatoa sanduku lake na kuliweka kitandani. Alikuwa anatupia nguo ovyo Baba Gavino alipobisha hodi.

"Rudisha nguo kabatini. Nani amekufukuza?"

"Nimemuumiza."

"Umemuumiza, ndiyo. Sitakudanganya kwamba hukumuumiza." Alisita mlangoni. "Lakini hata mimi nilishuku tangu siku ya kwanza. Nikanyamaza, kwa sababu nilimwona mke wangu akicheka. Kwa hiyo usibebe peke yako."

Siku iliyofuata shuleni Defne hakusikia somo hata moja. Basi lilipompandisha kijijini jioni, theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka, nyepesi, bila sauti. Alitembea akiangalia chini hadi alipofika nyumbani. Mlango ulikuwa umefungwa. Moshi ulikuwa unatoka juu ya paa.

Mama Bonaria alikuwa jikoni, macho yamevimba, anakoroga sufuria. Hakugeuka.

"Vua hivyo viatu, vimeloa."

Defne akavua.

"Ulikula vipi? Nilificha uma zote."

"Kwa mkate."

"Yalikuwaje?"

Defne alitaka kusema yalikuwa matamu. Neno lilimfika ulimini. Akalimeza.

"Yalikuwa yamepoa," alisema kwa sauti ndogo. "Na chumvi ilizidi."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Mabega ya Mama Bonaria yakaanza kutikisika, na mwanzoni Defne hakujua kama ni kicheko au kilio. Vilikuwa vyote viwili.

"Ilizidi," Mama Bonaria alisema akijifuta kwa aproni. "Basi mwanangu alikuwa anasema kweli. Njoo ukae hapa."

Defne akaketi. Mama Bonaria akaketi mbele yake na kumshika mikono yote miwili.

"Sikiliza, binti yangu. Mwanangu aliniambia ukweli, nikamfukuza. Wewe uliniambia uongo, nikakukumbatia. Kosa langu kwanza, kisha lako. Kula ile sahani hakukuwa kosa, ulikuwa hujui. Kosa ni kile ulichosema baada ya kujua. Ulinihurumia, nafahamu. Lakini uongo wa huruma nao ni uongo. Ulinirudishia mwanangu siku chache, kisha nikampoteza mara ya pili, na ningeendelea kuacha mlango wazi hadi kifua kiniue. Ukimpenda mtu, mwambie ukweli mapema, ukweli wenyewe ukiwa bado mdogo. Ukichelewa, ukweli unakua, na maumivu yake yanakua nao. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Mama Bonaria alimwachia mikono. Kitambaa cheupe hakukitandika, maana kilikuwa kimesharudi sandukuni kungoja Novemba nyingine. Aliweka sahani tatu juu ya mbao tupu na kumwita mumewe. Kisha alivuta droo. Akatoa uma akauweka upande mmoja wa sahani ya Defne, na kisu upande wa pili.

"Walio hai hula kwa uma," alisema. "Kula, kisha uniambie."

Defne alionja. Nje theluji iliendelea kuanguka, na Baba Gavino alikuwa anamtazama juu ya sahani yake.

"Imezidi kidogo, mama."

Mama Bonaria aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, machozi yakishuka bila kuyafuta. Akainuka, akaenda kumletea maji.