Saa Tisa ya London

Tangu asubuhi Fatumo alikuwa peke yake. Aliosha sufuria iliyokuwa safi. Aliwaingiza mbuzi wake wawili kivulini, akawatoa, akawaingiza tena. Nyumba yake katika mtaa wa Waberi ilikuwa na mikeka miwili, na mmoja ulikuwa umekunjwa. Huo ulikuwa wa Abdihafid, mwanawe wa pekee. Leo alikuwa angani, akienda London kusoma.

Jana kijana alimpigia mama yake simu kutoka Nairobi. "Hooyo, ndege inaondoka saa tatu asubuhi. Inafika London saa tisa alasiri. Nikishuka nitakupigia."

Fatumo alihesabu kwa vidole, kama alivyofundishwa katika darasa la jioni. Kutoka saa tatu hadi saa tisa ni saa sita.

Saa tisa ikapita. Akaswali alasiri, akakaa na simu mapajani. Alipopiga, ikasema mteja hapatikani. Midomo ilimkauka, na si kwa saumu tu.

"Ya Rabbi," alisema, "sina mwingine."

Saa kumi, jirani yake Kinsi alileta sambusa za kufuturu. Kinsi huuza tiketi za ndege mjini. Alimkuta Fatumo analia.

"Eddo, kuna nini?" aliuliza Kinsi, akimwita shangazi kama kawaida yake.

"Saa sita zimekwisha. Ndege imeanguka, na nyinyi mnanificha."

"Saa sita? Hiyo ni safari ya basi kutoka hapa hadi Nairobi, eddo. Nairobi hadi London ni karibu kilomita elfu saba. Ndege huchukua kama saa tisa."

"Mwanangu si mwongo."

"Hakusema uongo. Alikutajia saa ya kule. Tiketi huandikwa hivyo. Kuondoka ni kwa saa ya hapa, kufika ni kwa saa ya mji unakokwenda."

"Jua si ni moja?"

"Ni moja, lakini hutuchomozea sisi kwanza. Juzi ulipompigia dada yako Maryan kule Islii, alikuambia nini?"

"Alinicheka. Mimi nilikuwa nimeshakula tende, na Nairobi bado haijaadhini."

"Basi. Nairobi iko magharibi yetu kidogo, ikachelewa dakika chache. London iko mbali zaidi. Mwezi huu wako nyuma yetu kwa saa tatu. Wao wakiwa na saa tisa, sisi tutakuwa na saa ngapi?"

Fatumo akaongeza kwa vidole, polepole. "Kumi na mbili."

"Kisha kuna foleni ya pasipoti. Futuru kwanza."

Kinsi akarudi kwa watoto wake. Adhana ya magharibi ikasikika. Fatumo alifuturu, akaswali. Bado alikuwa juu ya mswala simu ilipolia.

"Hooyo, nimefika. Huku jua bado liko juu."

"Alhamdulillahi. Umefunga? Msafiri ana ruhusa."

"Nimefunga. Huku adhana ni saa kumi na mbili. Wewe umefuturu na nani?"

"Na mbuzi."

Wakacheka kidogo.

Baada ya tarawehe Fatumo alirudi nyumbani. Safari hii hakumuuliza mtu. Kumi na mbili, ongeza tatu. Akakunjua mkeka wa pili, akaketi juu yake na tende moja mkononi. Saa tatu ya usiku ilipofika, alisema Bismillahi, akaila pamoja na mwanawe.