Kiti cha Pembeni ya Redempta

Redempta, mwenzangu wa kwaya, si mtu wa kubuni maneno, na haya yalimpata yeye.

Ukumbi mpya wa Sumbawanga ulikuwa mwendo wa dakika tano kwa miguu kutoka anakokaa Redempta, lakini mwenye ukumbi alitaka tiketi za tamasha la kwaya zinunuliwe kwenye intaneti, kila mtu achague kiti humo. Usumbufu mtupu. Mchana huo Redempta alikaa kwenye chumba cha intaneti, mapazia yamefungwa, akachagua viti viwili, chake na cha dada yake Bertila. Kompyuta ikakubali chake. Cha pembeni kikawa chekundu, yaani kimeshachukuliwa. Akahamia mstari mwingine, ikawa vilevile. Mara tano.

“Kaka, mashine yako inanichezea,” alimwambia Enock, mwenye chumba.

“Dada, mbona wewe ndiye wa kwanza kununua?”

Umeme ukakatika. Gizani, mikono yake ikiwa mapajani, Redempta alisikia kipanya cha kompyuta kikibofywa taratibu, mara moja.

Umeme uliporudi, aliambulia tiketi moja tu. Bertila alinuna wiki nzima.

Siku ya tamasha Redempta aliingia wa kwanza. Kwenye kiti cha pembeni yake palikuwa pamewekwa kitenge cha kushikia nafasi, kama tufanyavyo kanisani kwetu kijijini Mwazye. Akakinyakua kwa hasira. Kilikuwa kizito, kimelowa udongo, na pindoni kilikuwa na kiraka cha njano alichokishona mwenyewe, asubuhi walipomvika mama yao kitenge hicho kwa maziko.